Faksi Imefika, Nani Ameisoma?

(Muziki unashuka.)

 

Juzi nilikuwa Namuwongo, Kampala, kwa shangazi yangu anayekaa karibu na njia ya reli. Kwenye duka la fotokopi niliona mashine kuukuu ya faksi, juu yake wameweka jagi la maji. Kijana wa duka hakujua ilifanya kazi gani. Na mimi nilijua kidogo tu, nikaenda kusoma.

Faksi ni ya zamani kuliko simu ya kuongea! Mskoti Alexander Bain aliisajili mwaka 1843. Mashine husoma weupe na weusi wa karatasi, ikageuza kuwa mlio unaopita kwenye waya wa simu. Mwaka 1980 zikawekwa kanuni za dunia nzima, ukurasa ukafika kwa dakika moja hivi. Sahihi na muhuri vilionekana upande wa pili, ndiyo maana maofisi yaliipenda. Mwisho mashine ilitoa kikaratasi: tarehe, saa, namba, na neno OK.

OK hiyo iliwadanganya wengi. Ilitoka kwa mashine mwenzake, na huenda karatasi ilikuwa bado sakafuni.

Hata ikisomwa, je? Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alituma faksi New York. Alieleza silaha zilizofichwa, na Watutsi wa Kigali wanaoandikishwa ili, kama mtoa habari wake alivyohofia, waangamizwe. Aliomba huyo mtu alindwe, akasema atavamia maghala ndani ya saa 36. Jibu likaja upesi: usivamie, mwarifu Rais na mabalozi. Aprili mauaji yakaanza. Wengi wetu tunajua yaliyofuata, sitayasimulia.

Lakini nakala ilibaki, na tarehe yake. Mwaka 1999 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliichambua.

Wewe uliyeko Nakivale au Kyangwali hutumi faksi, unapeleka barua kwa mkono. Shangazi aliwahi kuacha barua yake ya pekee kwenye ofisi moja. Aliporudi akaambiwa, "Mama, hatujaiona." Siku hizi anabeba mbili. Moja inabaki kwao, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa, naye anauliza jina la aliyepokea na kuliandika nyuma kwa kalamu.

(Muziki.)