Likizo ya Ofisa na Zamu ya Askari

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa katika Gazeti la Serikali mwezi wa Agosti 1919, na makao yake makuu ya kwanza yakawekwa Lushoto, juu ya milima ya Usambara. Mahali hapo pana habari yake. Wajerumani, waliopaita Wilhelmstal, walipathamini kwa baridi yake, na watumishi wa serikali yao walipanda huko kukimbia joto la pwani na kupumzisha miili yao na, kama madaktari wa zama zile walivyopenda kusema, neva zao. Katika milima hiyo hiyo, huko Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walikuwa na makao yaliyoanza 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya ishirini yakageuzwa kuwa nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Basi Usambara ilijua mapema mambo mawili: ofisa aliyechoka apandishwe mlimani apumzike, na mtu aliyekwisha kurukwa na akili apandishwe mlimani atunzwe. Askari aliyesimama katikati ya hao wawili, aliyechoka lakini hajarukwa na akili, hakuwa na mlima wake.

Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa siku hizi si wachache wasemao kwamba kuitunza akili ya askari kwa fedha za serikali ni fikra mpya, iliyoletwa na wageni pamoja na mitindo yao mingine. Tarehe hazikubali. Mwaka 1869 daktari wa Marekani, George Beard, alieneza jina la neurasthenia, maana yake udhaifu wa neva. Na haukupita muda mrefu madaktari wa makoloni wakawa na neurasthenia yao wenyewe, waliyoiita ya nchi za joto. Dalili zake zilikuwa kukosa usingizi, hasira za upesi, kusahau, kuchoka na kazi, na aghalabu ulevi. Dawa yake ilikuwa likizo. Ofisa Mwingereza wa Afrika Mashariki alifanya kazi kwa muda wa miaka miwili au mitatu, kisha akarudi kwao kwa miezi kadhaa, mshahara ukiendelea na nauli ya meli ikilipwa na hazina ya koloni, ile ile iliyojazwa kwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Hakuna aliyeliita jambo hilo hisani. Lilikuwa limeandikwa katika masharti ya kazi.

Askari Mwafrika alikuwa na masharti mengine. Alipewa sare, mshahara mdogo na chumba katika kambi, naye akapelekwa mbali na kwao, mahali ambapo hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumwuliza kwa nini amenyamaza siku tatu. Akilewa, aliandikiwa kosa. Akichelewa zamu kwa sababu hakulala, aliandikiwa kosa. Akimjibu mkubwa wake kwa ukali, vivyo hivyo. Dalili zile zile ambazo kwa ofisa zilikuwa ugonjwa, kwa askari zilikuwa utovu wa nidhamu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yote, wala haikwisha siku bendera ya Mwingereza iliposhushwa.

Hapana mahali pa kuitazama vizuri zaidi kuliko Msimbazi. Mtaa huo wapita kando ya Kariakoo, na kituo cha polisi cha Msimbazi kinajulikana sana mjini hata mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi 2016, yana kituo chenye jina hilo hilo. Kariakoo yenyewe ni jina la kazi ya serikali. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916 walikusanya hapo kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina hilo mpaka likawa la Kiswahili. Wapagazi hao, walioandikishwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa zaidi kuliko kwa risasi. Waliorudi hawakupata daktari wa kuwauliza waliota nini usiku. Mwaka 1927 sanamu ya shaba ya askari ilisimamishwa katikati ya mji, bunduki mkononi. Mwaka huo huo Hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma kwa wagonjwa wa akili. Serikali ilikuwa imemtengenezea askari ukumbusho kwa kufa kwake, na kitanda kwa wazimu wake. Kilichokuwa baina ya hivyo viwili hakikuwamo katika bajeti.

Lakini watu hawakukaa kungoja bajeti. Baada ya vita ngoma za beni, zilizoanza katika miji ya pwani ya Kenya, zilishamiri Dar es Salaam, Marini upande mmoja na Arinoti upande wa pili, zikiwa na wachezaji waliowahi kuwa askari, wapagazi, matarishi na makarani. Wazungu wengi waliona mzaha tu: Waafrika waliojivika vyeo vya kingi na jenerali wakipiga kwata mitaani. Wengine waliona hatari, na serikali ikazitazama ngoma hizo kwa wasiwasi. Wachache waliona kwamba kundi la beni lilikuwa pia chama cha kusaidiana. Mgeni wa mji alipata wenzake humo. Mgonjwa alitembelewa, maiti ilizikwa kwa michango. Na mtu aliyepigishwa kwata ya kweli kwa miaka mingi alipata nafasi ya kuipiga kwa kucheka, akiwa jenerali yeye mwenyewe. Mtu asiifanye ngoma kuwa hospitali. Hata hivyo ni vigumu kutaja jambo lingine lililofanywa wakati ule katika mji huu ambalo lilikaribia zaidi kumponya askari kuliko hilo, nalo halikugharimu hazina hata senti moja.

Elimu ya watawala, kwa upande wake, ilitoa sababu ya kutofanya lolote. J. C. Carothers, aliyeiongoza Hospitali ya Mathari mjini Nairobi, alichapisha mwaka 1953, kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba huzuni ya ugonjwa ni adimu kwa Waafrika. Lugha ya Kiswahili ingeweza kumsahihisha kama angaliiuliza. Kitenzi sonona, kuumia na kuhuzunika ndani kwa ndani, kimo katika kamusi iliyotolewa chini ya uhariri wa Frederick Johnson mwaka 1939, yaani miaka kumi na minne kabla ya kitabu hicho. Watu hawatungi neno kwa kitu wasichokijua. Leo madaktari wa Tanzania wamelichukua neno hilo hilo na kuliita sonona gonjwa ambalo Carothers alikuwa halioni.

Uhuru ulipopatikana 1961, na Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Polisi, ubaguzi wa rangi katika vyeo ulianza kuondolewa. Likizo ya meli ilikwenda na wenyewe. Ilikuwa haki kuiondoa, maana ilikuwa ya anasa na ya kibaguzi. Lakini pamoja nayo iliondoka ile fikra iliyokuwa ndani yake, kwamba kazi ya kuamrisha na kulinda humla mtu, na kwamba mwajiri ndiye anayedaiwa. Matibabu ya akili yenyewe yalisogezwa karibu na wananchi: mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango wa majaribio ulianzishwa Morogoro na Kilimanjaro ili huduma hizo zitolewe katika zahanati, na mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya Afya ya Akili. Yote hayo ni mema, lakini yalitungwa kwa ajili ya mgonjwa, na askari mwenye bunduki begani si rahisi kujiita mgonjwa.

Ugumu huo waongezwa na sheria anayoisimamia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika 1945, kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mtu aliyeokolewa kambani au kwenye sumu aliletwa kituoni, na askari wa kaunta akaandika jalada. Fikiri basi hali ya askari ambaye wazo hilo limemwingia yeye mwenyewe usiku wa zamu. Anajua kifungu kwa moyo. Anajua pia ni nani watakaomwandikia. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba.

Wala zamu za Msimbazi si nyepesi. Siku nyingi kazi yenyewe ni ya wizi wa mifukoni, mkataba wa fremu uliovunjwa, mtoto aliyepotea sokoni, machinga na mgambo. Lakini mitaa inayozunguka kituo hicho imeona pia Ijumaa ya tarehe 19 Oktoba 2012, mabomu ya machozi yakipigwa na wanajeshi wakija kuwasaidia polisi. Imeona soko kuu likiungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Imeona mgomo wa wafanyabiashara wa Mei 2023. Na tarehe 16 Novemba 2024 imeona jengo la ghorofa likiporomoka na kuua watu zaidi ya 20, huku waokoaji wakizisikiliza kwa siku kadhaa sauti zilizotoka chini ya zege. Askari aliyesikiliza sauti hizo alirudi zamu yake ya kawaida. Na nje ya Kariakoo mambo yalikuwa mazito zaidi: kituo cha Stakishari kilishambuliwa Julai 2015 na askari wakauawa humo, wanne wakauawa Mbande Agosti 2016, wanane wakaviziwa na kuuawa ndani ya gari lao huko Kibiti tarehe 13 Aprili 2017, na watatu wakapigwa risasi karibu na Ubalozi wa Ufaransa Agosti 2021. Kila mara serikali iliaga maiti kwa heshima. Wenzao waliobeba majeneza ndio wasiotajwa sana katika habari hizo.

Yuko raia atakayesema kwamba huruma hii imekosea njia, kwamba anayehitaji kutulizwa ni yeye aliyepigwa rungu. Neno lake lina uzito, wala halijibiwi kwa kumsifu askari. Lajibiwa kwa kumkumbusha kwamba mkono ulioshika rungu ni wa mtu aliyelala saa tatu, na kwamba raia ndiye wa kwanza kukutana na hasira isiyotibiwa. Mke wa askari ni wa kwanza zaidi. Tarehe 7 Desemba 2021, huko Kabete, Nairobi, askari mmoja alimwua mkewe na watu wengine kwa bunduki ya serikali, kisha akajiua. Kutibu akili si kufuta hatia. Mahakama zibaki pale pale.

Nchi nyingine zimelipa gharama hii kwa hesabu tu, si kwa mapenzi. Polisi wa Los Angeles waliajiri mwanasaikolojia wao wa kudumu, Martin Reiser, mwaka 1968. Na Januari 2018 serikali kuu ya Marekani ilipata sheria mahususi ya afya ya akili na ustawi wa askari wa polisi. Karibu zaidi, Tume ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya Kenya, iliyozaliwa na Katiba ya 2010, iliunda kitengo cha ushauri nasaha kwa askari wake, na kamati iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga ikalitazama suala hilo katika kazi yake ya 2023.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Ipo Hospitali ya Polisi katika Barabara ya Kilwa. Tangu 2008 yapo madawati ya jinsia na watoto, ambayo yamewafundisha askari kumketisha mwanamke aliyepigwa mahali pa faragha, kumsikiliza bila kumkatiza, na kuitunza siri yake. Polisi anayeweza kufanya hivyo kwa mgeni anaweza kufundishwa kumfanyia mwenzake. Kinachozuia ni cheo. Mshauri aliye chini ya mkuu wa kituo atatakiwa na mkuu huyo aeleze alichoambiwa, na askari akishajua hivyo hatasema kitu. Akisema, atanyang'anywa silaha mbele ya wenzake, na kambi nzima itajua kabla ya jioni. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi taarifa yake Julai 2023, ilipendekeza Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa huduma ya polisi. Wengi waliona hapo suala la jina tu. Kwa askari wa Msimbazi ni suala la nani atakayelisoma faili lake: kamanda, au daktari asiyepigiwa saluti na asiyepiga saluti kwa mtu. Daktari huyo alipwe na hazina, na siku za kwenda kwake zipangwe katika ratiba ya zamu kwa kila askari, mzima na mgonjwa, ili kwenda kwake kusiwe ushahidi wa jambo lolote.

Ofisa wa mwaka 1925 hakuulizwa na mtu kama amepungukiwa ushujaa. Hakuomba likizo yake kwa unyonge wala hakueleza sababu. Aliingoja tarehe, akafunga masanduku yake, na wapagazi wakamchukulia mpaka bandarini.