Deki ya baba mdogo na vita vya diski

Najua nimepotea. UE zilinibana, halafu bumu likachelewa, we acha tu. Niko hosteli tangu juzi, nimetoka nyumbani Kibaigwa, na kwenye begi nimerudi na kitu ambacho wenzangu wa chumbani wamekigeuza kichekesho: kanda ya video. Ile nyeusi, nene, yenye vidirisha viwili vya plastiki. Mmoja kaniuliza ni betri ya nini. Nitawaambia ina nini ndani, ila kwanza mnivumilie na historia kidogo, si ndiyo kozi niliyokuja kusoma huku.

Kuna vita vya biashara ambavyo wapenda mitambo hawachoki kuvisimulia. Machi 2006 Toshiba walianza kuuza HD DVD kule Japani. Juni mwaka huohuo kambi ya Sony ikaingia sokoni Marekani na Blu-ray. Diski zote mbili zina ukubwa uleule wa sidii ya kawaida, zote zinatumia leza ya bluu, na haziingiliani kabisa. Tabaka moja la HD DVD lilibeba GB 15, la Blu-ray GB 25, wakati DVD tuliyoizoea ni GB 4.7. Deki ya bei ya chini ya Toshiba iliuzwa Marekani kwa dola 499, ya kwanza ya Blu-ray kutoka Samsung ikaanza na dola 999. Na ukinunua hii, muvi za kampuni kadhaa huzipati, maana zenyewe ziko upande ule mwingine. Yaani waliowahi kununua walikuwa wanacheza kamari.

Sony wakaiweka Blu-ray ndani ya PlayStation 3, Novemba 2006, watu wakanunua gemu wakajikuta na deki. Tarehe 4 Januari 2008 Warner Bros wakatangaza kuhamia Blu-ray peke yake. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba wakanyoosha mikono.

Sasa chukua hizo tarehe uziweke kando ya zetu. Mwaka 2006 sisi tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Ukame ulilikausha bwawa la Mtera, hapa mpakani mwa Dodoma na Iringa, mitambo ikakosa maji. Wenzetu wanagombana kuhusu picha ya mistari 1,080, huku watu wanauliza umeme utarudi saa ngapi. Mgao huohuo ndio ulioleta mkataba wa Richmond, na Richmond ndiyo iliyomfanya Edward Lowassa asimame bungeni, humuhumu Dodoma, tarehe 7 Februari 2008, na kutangaza kujiuzulu uwaziri mkuu. Siku kumi na mbili baadaye Toshiba nao wakajiuzulu. Siku hiyohiyo Rais Bush alikuwa anapanda ndege kuondoka nchini kwenda Rwanda, kwa hiyo hata kama habari ya diski ilifika, sidhani kama kuna aliyeisikia.

Lakini msije mkadhani sisi hatukuwa na vita vyetu. Tulikuwa navyo, ila havikuandikwa.

Kumbuka Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi huku bara tunasikiliza redio. Ila deki zilishaanza kuingia kabla, hasa baada ya biashara kufunguliwa enzi za Mzee Ruksa. Kwa hiyo kuna nyumba zilizonunua televisheni kwa ajili ya deki tu, wala si kwa ajili ya kituo chochote. Kanda ilitangulia taarifa ya habari. Ndiyo maana mpaka leo mtu mzima akiangalia filamu kwenye simu atakwambia, "huu mkanda mzuri."

Asiye na deki alikwenda banda la video. Na mwenye banda ndiye ninayemtaka, maana vitabu vikisema wanunuzi wa mwanzo vinamzungumzia kijana wa California mwenye mshahara na sebule kubwa. Mnunuzi wetu wa mwanzo alikuwa mtu wa banda.

Baba mdogo aliuza mahindi ya msimu mzima mwaka 2002, akakopa na nyingine kwa shemeji yake, akanunua televisheni ya nchi 21, deki ya kanda na jenereta ndogo. Akasimamisha banda la miti na maturubai jirani na soko la nafaka. Pale Kibaigwa wateja hawakosekani, kuna madereva wa malori, wapakiaji, watu wanaosubiri mzigo hadi usiku. Jackie Chan, Rambo, Wahindi, halafu kanda zilizotiwa maneno ya Kiswahili na watu kama Derek Mukandala, yule Lufufu, ambaye wateja walimpenda kuliko waigizaji wenyewe. Anasema kanda alizikusanya hadi kabati likajaa.

Basi bwana, ikaja VCD.

Hii VCD ina historia ya ajabu kidogo. Mfumo wake ulitangazwa mwaka 1993 na kampuni kubwa, Philips na Sony wakiwemo, lakini Marekani hawakuujali. Walioubeba ni Wachina. Mwaka huohuo kampuni ya Wan Yan ya mji wa Hefei ilitengeneza deki ya VCD, wengine wakaiga, bei ikaporomoka, na mzigo ukamwagika Asia na Afrika. Picha yake ni mistari 288 tu. Ukiisogelea unaona vijimraba. Kwa ubora haikuwa na la kuiringia kanda, ila diski ni nyepesi, inanakiliwa kwa dakika chache kwenye kompyuta, na haihitaji kurudishwa nyuma kabla ya onyesho linalofuata. Mwenye banda anajua maana ya hilo, watu wako nje wanapiga kelele na wewe unasubiri kanda irudi.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa dakika 74. Filamu moja diski mbili, ya Kihindi tatu. Mimi naamini (mwalimu wangu anaweza kunikatalia) kwamba huko ndiko Bongo muvi walikojifunza ile tabia ya kutuuzia Part 1 na Part 2. Kwenye VCD ilikuwa lazima. Ilipokuja DVD, ambayo inabeba filamu nzima na nafasi inabaki, bado waliendelea kukata katikati. Hapo tena si mtambo, ni hesabu ya duka.

Jirani akafungua banda la pili na deki ya VCD mpya kabisa. Muvi zikimfikia kutoka Dar anazo wiki hiyohiyo. Baba mdogo bado anadaiwa na shemeji, na kabati la kanda ambalo hakuna anayelitaka. Mwaka 2005 akanunua VCD kwa deni jingine. Haijamaliza miaka miwili, wateja wanauliza DVD, zile za ishirini kwa moja, filamu ishirini zimeshindiliwa kwenye diski moja hadi sura zinavimba. Na vumbi la huku mnalijua. Lenzi ikiliwa na vumbi, deki inakaa inazunguka tu, haisomi, wateja wanadai hela zao. Aliuza vyote mwaka 2009, deki ya kanda ikaenda kama chuma chakavu.

Kuna kitu kimoja nilikisoma kikaniuma. Baada ya HD DVD kufa, duka la Best Buy la Marekani liliwapa wateja walionunua deki zile kadi ya zawadi ya dola 50 kila mmoja, kama pole. Nilipomsimulia baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwanangu, mimi pole yangu ilikuwa kulima."

Picha kali nazo zilifika Dodoma, ila hazikupita kwenye diski ya mtu yeyote. Zilikuja kwenye flashi, unampelekea jamaa mwenye kompyuta anakutilia muvi kwa mia tano. Blu-ray ilishinda vita, na mimi katika maisha yangu yote sijaishika hata moja.

Haya, kanda. Ni ya harusi ya baba na mama, mwaka 2001. Humo ndani yumo babu, marehemu tangu 2004, anapiga zeze na kuimba Kigogo mbele ya wakwe. Mama anasema aliimba wimbo mrefu wa kuwataja mababu mmoja mmoja, watu wakanyamaza. Mimi babu simkumbuki, na huo wimbo hakuna aliyeushika wote, shangazi anajua mwanzo tu. Hakuna picha nyingine ya babu inayotembea wala sauti yake popote. Ilipokuwepo deki nyumbani hakuna aliyefikiria kuinakili.

Nimeuliza kwa fundi mmoja Majengo, anayo deki lakini kichwa chake kimekufa, na kanda yenyewe ukiitazama kwenye kidirisha ina ukungu mweupe pembeni. Kasema nisiiweke kwenye deki yoyote kabla haijasafishwa, itakatika. Kwa hiyo iko juu ya kabati, nimeifunga kwenye khanga isiingie vumbi. Kama kuna mtu kwao deki ya kanda bado inazunguka, Dodoma hapa au hata Morogoro, anishtue. Nauli nitaitafuta.