Neno "Lazima" katika Hukumu ya Kifo

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hushangaa ninapowaambia kwamba moja ya hoja nzito dhidi ya adhabu ya kifo barani Afrika iliandikwa Dodoma. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliwatia hatiani washtakiwa wawili kwa kosa la mauaji, kisha akakataa kuwahukumu kunyongwa. Alisema adhabu hiyo ni ya kikatili, inatweza utu wa mtu na inakiuka Katiba. Akawapa kifungo cha maisha.

Serikali ilikata rufaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi ambao hadi leo napata taabu kuueleza darasani: ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikasema kuwa ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliipima hoja hiyo ya Tanzania, ikashika njia nyingine na kuibatilisha adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji.

Mwaka 1977 ni nchi 16 tu duniani zilizokuwa zimeifuta adhabu hii kwa makosa yote. Leo zimezidi 110. Rwanda iliifuta mwaka 2007 na Burundi mwaka 2009. Uganda na Kenya zilianza na neno moja tu, "lazima". Sheria tulizorithi kwa Mwingereza hazikumwachia jaji nafasi: aliyepanga mauaji kwa miezi na mke aliyemuua mume baada ya miaka ya vipigo walistahili kitanzi kilekile. Mahakama ya Juu ya Uganda ililiondoa neno hilo mwaka 2009, na ya Kenya tarehe 14 Desemba 2017.

Kwetu amri ilitoka Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliiagiza Tanzania iiondoe hukumu ya kifo ya lazima katika sheria zake ndani ya mwaka mmoja. Mwezi huohuo, Serikali ilikuwa imeliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Mwaka ukapita, sheria ikabaki ilivyokuwa.

Wapo watakaosema kwamba hatujamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Ni kweli. Lakini majaji wameendelea kutamka hukumu hiyo, na aliyehukumiwa huishi gerezani bila kujua kama kuna rais atakayetia saini hati yake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: kama hatunyongi, kwa nini tunahukumu? Nilimwambia aanze kwa kuisoma hukumu ya Mwalusanya, kisha aje tuzungumze.