Mzigo wa Githongo na Mtu wa Kati

Mkulima wa chai wa Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya huko Imenti ya Kati, Meru, leo huagiza viatu au betri ya sola kutoka duka la Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 200, bila kutoka shambani. Wengi husema ni simu na intaneti zilizoleta hali hiyo. Mimi naona simu imeharakisha tu jambo la zamani. Biashara na mtu usiyemjua imekuwa salama Meru kila palipokuwa na mtu wa kati anayejulikana na anayeweza kudaiwa, na utapeli umestawi kila aliporukwa.

Kabla ya Waingereza kujenga boma Meru mnamo 1908, watu wa nyanda za juu walibadilishana mazao na Watharaka wa nchi ya joto iliyo chini. Hapakuwa na polisi wala hati. Palikuwa na gichiaro, undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo, au kati ya jamii moja na nyingine, uliomkataza mtu kumdhuru au kumdanganya mwenzake. Aliyeuvunja aliogopa laana, yeye na jamaa zake. Mgeni alipofungwa na kiapo hicho alikuwa na watu nyuma yake wa kuulizwa. Miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliporuhusu baadhi ya Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa, kazi hiyo ya dhamana ilipata sura ya karatasi. Mkulima alifikisha kahawa yake kiwandani, ikapimwa, akapewa risiti ya kilo, kisha akangoja malipo kwa miezi kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo asiyemjua hata kwa jina. Chai ilipoenea chini ya mamlaka ya chai, KTDA, iliyoundwa 1964, mtindo ukawa uleule: kituo cha kununulia, mizani, karatasi, na bonasi ya mwisho wa mwaka. Chama cha ushirika na kiwanda vilisimama katikati, na wizi ulipotokea (nao ulitokea, tena mara nyingi) wakulima walijua ni mlango gani wa kwenda kupigia kelele.

Huduma ya pesa kwa simu, M-Pesa, ilipoanza Machi 2007, ilikuta fedha zikisafiri kwa mani oda ya Posta au ndani ya bahasha mkononi mwa dereva wa matatu. Tukitaka kujua kwa nini ilikubalika vijijini upesi hivyo, tulitazame daftari la wakala wa miaka ile ya mwanzo. Lilipigwa mistari kwa rula: tarehe, nambari ya muamala, kiasi, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, na safu ya mwisho ya sahihi. Mfumo wa simu ulikuwa umekwisha kurekodi muamala, lakini mteja bado alitia sahihi mbele ya mwenye duka aliyezoea kumuuzia sukari. Hata maduka makubwa ya mtandaoni kama Jumia, yalipoingia Kenya miaka ya 2010, yalivutia wateja kwa kuwaruhusu kulipa baada ya kupokea mzigo.

Utapeli wa leo unapita palepale pasipo na mtu. Picha ya bidhaa inawekwa Facebook, bei ni nusu ya ile ya dukani, muuzaji anaomba "nauli ya mzigo" itangulie kwenye nambari yake binafsi, kisha simu inazimwa. Wapo watakaosema kwamba sheria inatosha. Kweli, Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inagusa mikataba ya intaneti, inamtaka muuzaji aeleze mambo yake wazi, na Githongo ina mahakama yake. Lakini mshtakiwa asiye na duka wala anwani ataitwa vipi, tena kwa deni la shilingi 1,500? Teknolojia nayo inasaidia kiasi: jina la mpokeaji huonekana kabla ya pesa kuondoka, na ujumbe wa muamala wa M-Pesa ukipelekwa kwa nambari 456 unaweza kurudisha fedha zilizokosea njia. Mpokeaji akiwa amekwisha kuzitoa, huwa hakuna tena cha kurudisha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutegemea watu wanaojulikana kunamfungia nje muuzaji mpya, labda msichana anayeshona nguo chumbani kwake Eastleigh, Nairobi, na hana mtu Meru. Hilo ni kweli, na linanigusa. Hata hivyo, jawabu lake liko kwenye ofisi za mizigo za matatu. Anafunga nguo, anaandika kwa kalamu ya wino mzito jina, simu na "Githongo", anaacha mzigo ofisini na kupewa risiti. Mnunuzi hahitaji kumwamini yeye. Anahitaji kuiamini ofisi yenye kaunta na karani. Kinachobaki ni pesa kuachwa hapohapo ofisini mpaka mzigo ufunguliwe na kukaguliwa, na ada ndogo kwa karani ya kuzishika. Sako za matatu, yaani vyama vya wenye magari hayo, zina kaunta pande zote mbili za safari, kwa hiyo kazi hiyo zinaiweza bila kungoja programu mpya.