Haki juu ya Vitu: Python na C katika Nyanda za Juu Kusini

Chuo cha Ufundi cha Mbeya kilipoanzishwa mwaka 1986, lugha ya Python ilikuwa haijazaliwa bado. Maana Guido van Rossum, wa taasisi ya CWI mjini Amsterdam, alianza kuiunda mwishoni mwa mwaka 1989, akaitoa hadharani Februari 1991. Aliijenga juu ya lugha kongwe ya C, na kwa sababu hiyo kila orodha na kila kamusi aitumiayo mwandishi wa Python kwa wepesi ni, kwa batini yake, fungu la kumbukumbu ambalo C yaweza kulishika moja kwa moja.

Mlango huo wa kuingilia Python kwa C uliachwa wazi kwa makusudi, ila apitaye humo amefungwa na sharia moja kali. Kila kitu hubeba hesabu ya wenye haki juu yake, na hesabu ikifika sifuri kitu hufutwa. Mwandishi wa Python hana haja ya kuijua hesabu hiyo. Wa C huiongeza na kuipunguza kwa mkono wake, naye akighafilika asipunguze, kumbukumbu hujaa, na akipunguza kupita kadiri, programu huanguka, pengine mbali sana na pale kosa lilipotendeka.

Taabu kubwa imo katika kuazima. Amri ya PyList_GetItem humpa mtu kitu kilichomo orodhani pasipo kumpa haki juu yake, sawa na mkulima aliyeazimwa jembe, ambaye hulima nalo maadamu mwenyewe hajalitaka. PyList_SetItem, kinyume chake, humwondolea mtu haki aliyokuwa nayo, hata kama amri yenyewe imeshindwa. Naona dosari hiyo ni ya sharia, si ya wanafunzi walioteseka nayo zaidi ya miaka 30. Na toleo la 3.13 la Python, la mwaka 2024, limeleta PyList_GetItemRef, itoayo kitu pamoja na haki yake kamili.

Tukirudi Nyanda za Juu Kusini, Iringa nayo, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini, ilianza mwaka 2007 kufundisha shahada ya teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Tumaini, kwa nia njema ya kuifuatisha ilimu hiyo na mahitaji ya nchi. Natamani sana vijana wa huko na wenzao wa Mbeya waoneshwe mlango huu mapema, kwani hata NumPy, aliyoitoa Travis Oliphant mwaka 2006, sehemu kubwa ya kasi yake yatoka upande ule wa C.