Siri ya Watu Wazima

Wahaya huzika wafu wao kibanjani, kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa vizazi vingi mtoto alikua akiyajua makaburi ya ukoo wake kama anavyoijua njia ya kisimani: hapa babu, pale mama yake babu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 makaburi hayo yakaanza kuongezeka kwa namna ambayo hata mtoto wa darasa la pili aliona kuna jambo. Waliozikwa hawakuwa wazee. Alikwenda baba mdogo aliyekuwa akifanya biashara mpakani, akafuata mkewe, kisha kitoto chao kichanga.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania Bara waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti walipima damu za wakazi wa mkoa huo, na katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na virusi. Takwimu hiyo imenukuliwa mara nyingi. Lililoandikwa kwa uchache ni swali lililozigawa familia za pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Uganda: watoto waambiwe nini, na aseme nani?

Desturi ilikuwa na jibu lake, nalo ni kwamba mzazi hasemi. Kwa Waganda, mambo ya mwili na ndoa msichana alifundwa na senga, yaani shangazi yake upande wa baba. Pwani palikuwa na somo na kungwi. Kwingine kazi hiyo ilikuwa ya bibi na babu, ambao kwa utani wao na wajukuu waliweza kutamka hadharani maneno ambayo baba angeyaonea aibu hata gizani. Utaratibu huo ulikwenda vizuri maadamu shangazi yu hai. UKIMWI ulianza na watu wa umri wa shangazi. Wakabaki bibi na wajukuu, na bibi mwenyewe hakuwahi kufundwa na mtu yeyote kuhusu ugonjwa huu.

Kuhusu kifo, mtoto mdogo aliambiwa kwamba baba amesafiri. Kuhusu ugonjwa, watu wazima waliongea kwa mafumbo. Kagera uliitwa Juliana, jina la nguo za mtindo zilizoingia na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka, waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu, na jina hilo likaingia hadi kwenye jarida la Lancet mwaka 1985. Baadaye mijini ikawa fulani "amekanyaga waya", au "ana ngoma". Sijui ni nani aliyedhani mafumbo hayo yangedumu. Mtoto ndiye hutumwa dukani, ndiye hupeleka maji kwa mgonjwa, ndiye hukaa pembeni ya jamvi la matanga bila mtu kumwangalia.

Serikali zilipoanza kusema, zilisema kwa kutisha. Mabango ya kwanza yalikuwa ya mafuvu na mifupa, na maneno kwamba UKIMWI unaua. Uganda, baada ya Museveni kushika madaraka mwaka 1986, ilitumia pia lugha ya wafugaji: watu wazima walihimizwa kujifungia kwenye zizi lao kama ng'ombe asiyepelekwa malishoni. Mkulima alielewa na kucheka. Mtoto ambaye mama yake alikuwa amelala chumba cha pili aliliona fuvu lile ukutani mwa zahanati akajua linamhusu mama, na bango halikuwa na la zaidi la kumwambia.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi Uganda na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wengi hawakumwamini, walidhani anatafuta umaarufu wa kuuzia muziki. Akaenda shuleni na makanisani. Wanafunzi walimwona mtu wanayemjua kwa sauti redioni akisimama mbele yao, akizidi kukonda mwezi hadi mwezi, akiwaeleza kwa kinywa chake yanayompata. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Kabla yake hakuna Mganda maarufu aliyewahi kufanya hivyo, na kwa wanafunzi wengi yeye ndiye alikuwa mtu mzima wa kwanza kulizungumzia jambo hili bila kuzunguka.

Tanzania kazi kubwa ilifanywa na redio. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, mhusika wake mkuu akiwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu akiteseka nyumbani. Ulikusudiwa watu wazima. Lakini nyumba ilikuwa na redio moja, na wakati wa mchezo hakuna aliyekumbuka kuwatoa watoto nje.

Shule nazo ziliingizwa. Mradi wa MEMA kwa Vijana mkoani Mwanza, uliofanyiwa majaribio katika jamii 20 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, uliwafundisha wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba kwa michezo ya kuigiza, hadithi na maswali. Kuonyesha kondomu darasani hakukuruhusiwa. Matokeo ya miaka ya mwanzo yalipotolewa mwaka 2007 yalikuwa ya kutafakarisha: vijana walijua mengi zaidi kuliko wenzao, ila vipimo vya damu havikuonyesha kwamba maambukizi ya virusi yamepungua. Kwa maoni ya mwandishi huyu, sehemu ya shida ni kwamba watu wazima walikuwa wakimjibu mtoto swali ambalo hakuuliza. Walimwambia namna ya kujikinga atakapokuwa mkubwa. Yeye alitaka kujua nani atapika kesho, na kama atabaki nyumba moja na mdogo wake.

Walioligundua hilo mapema walikuwa akina mama wagonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa Kiafrika wenye virusi waliokuwa wakiishi Uingereza walianza, kwa msaada wa shirika la watoto la Barnardo's, kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wazo likavuka hadi Uganda na kukuzwa na NACWOLA, umoja wa wanawake wanaoishi na virusi, ambao mwasisi wake mmoja ni Beatrice Were. Mumewe alifariki mwaka 1991, naye akagundua kwamba ameambukizwa huku ana mabinti wawili wadogo.

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari tu au faili la karatasi, na kila ukurasa una kichwa chake. Ulizaliwa wapi na siku hiyo mvua ilinyesha au la. Kwa nini ulipewa jina hili. Magonjwa uliyougua ulipokuwa mdogo. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kula nini, alikasirishwa na nini. Ukoo wetu ni upi, mwiko wetu ni upi, ndugu zetu wako vijiji gani. Picha zilibandikwa kwa gundi. Asiyejua kuandika alichora, au alimsimulia mwenzake aandike.

Mwanzoni nia ilikuwa kuacha urithi: mama akishakufa, daftari limsemee. Lakini mama aliyekaa na mwanawe kujaza ukurasa wa magonjwa au wa ndugu hakufika mbali kabla ya kuulizwa, "Mama, kwa nini tunaandika haya?" Basi hapo mazungumzo yaliyokwepwa kwa miaka yalianza yenyewe, na mama angali hai wa kuyajibu. Utafiti uliofanywa Uganda katika wilaya za Luweero na Tororo ulikuta kwamba watoto wakubwa wa wazazi wenye virusi walitaka kuambiwa, hata walipokiri kuwa habari hiyo inaumiza.

Kulikuwa na sababu nyingine, kavu zaidi, ya kusema mapema. Huko Kagera kibanja ni cha ukoo, na mipaka yake huonyeshwa kwa mimea ya mlamula. Mjane na yatima wasiojua mlamula wa mwisho umepandwa wapi, na ni nani alishuhudia, walijikuta wakisogezwa na baba wakubwa kabla matanga hayajaanuliwa. Kumficha mtoto ugonjwa kulimaanisha pia kumficha shamba. Hili halikuandikwa kwenye bango lolote lenye fuvu.

Mwaka 1997 ulianzishwa mradi wa Humuliza huko Nshamba, wilayani Muleba, kwa ufadhili wa shirika la terre des hommes la Uswisi. Kwa Kihaya neno hilo ni kufariji. Walimu wa shule za msingi walifundishwa kumtambua mtoto aliyenyamaza ghafla, na kuongea naye juu ya kifo bila kumdanganya. Miaka michache baadaye yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi wao na kuweka akiba. Mtoto aliyefiwa jana alitembelewa na mtoto aliyefiwa mwaka juzi, na hawa hawakuhitaji kufundwa mafumbo.

Kisha dawa zikaja. Tanzania ilianza kutoa ARV bila malipo mwaka 2004, na watoto waliozaliwa na virusi, ambao awali wengi hawakufikia kuanza shule, wakafika darasa la nne, la saba, sekondari. Siri ikageuka: sasa ilikuwa ya mwili wa mtoto mwenyewe. Vidonge vya kila jioni aliambiwa ni vya kifua, au ni vitamini. Alipofika umri wa kubisha, aliacha kuvimeza, maana kifua hakimwumi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake, hatua kwa hatua kulingana na upeo wake.

Kliniki nyingi hutumia kitini cha picha. Ukurasa wa kwanza una askari wa mwili wanaolinda zamu. Unaofuata, mdudu mbaya ameingia na askari wanapungua. Unaofuata, vidonge vinamlaza mdudu usingizi, na mtoto akiacha dawa mdudu anaamka. Jina la mdudu huachwa mwisho, hadi mtoto aweze kuisimulia hadithi yote mwenyewe. Mlezi, mara nyingi bibi, ndiye huomba iahirishwe: bado mdogo, ataenda kuyasema shuleni. Na jina linapotajwa, baadhi ya watoto hujibu kwamba walikwishalijua zamani, wamelisoma kwenye kopo la dawa au kwenye bango la kliniki hiyohiyo. Maswali yao huwa ya mbele: kama wataweza kuoa au kuolewa, na kama watazaa watoto wasio na virusi. Kwa anayetumia dawa vizuri, jibu la mhudumu siku hizi ni ndiyo kwa yote mawili.