Hamu ya Mikinduri: Historia ya Kilichoadimika

Mzee wa Mikinduri aliyezaliwa kabla ya uhuru, ukimuuliza ni chakula gani alichokuwa akikiota utotoni, huenda akakutajia wali na chapati. Mjukuu wake aliyehamia Nairobi, ambaye wali na chapati huvipata kibandani kila adhuhuri, atakutajia mukimo wa ndizi, nduma, na kiazi kikuu kilichochemshwa kikaliwa na chai ya maziwa. Kila mmoja anatamani sahani iliyomchosha mwenzake. Ulimi hukumbuka utamu, lakini kinachoamsha hamu ni uhaba. Anayetaka kujua vyakula vinavyowaliwaza watu wa Nyambene na afuatilie vitu vilivyokuwa adimu katika kila kizazi.

Jiografia yenyewe inaanza kulieleza jambo hili. Mikinduri ni mji wa soko huko Tigania, Kaunti ya Meru, kwenye mteremko wa milima ya Nyambene. Juu yake kuna ukungu na mvua, na humo humea chai, kahawa, migomba na miraa. Chini, kuelekea Thangatha na Tharaka, jua ni kali. Huko hulimwa uwele, mtama, mbaazi, kunde na ndengu, na watu hufuga mbuzi na kutundika mizinga. Anayeshuka kwa miguu tangu asubuhi atafika mahali ambapo chakula cha kila siku ni kile ambacho kwao huliwa kwa nadra. Ndiyo maana masoko ya miteremko hii ni ya kale kuliko barabara zake. Wa juu waliteremka na ndizi na viazi vikuu, wa chini wakapanda na mbuzi, asali na nafaka. Mwanahistoria Charles Ambler, aliyechunguza jamii za Kenya ya kati katika karne ya 19, ameonyesha jinsi Wameru, Waembu, Wambeere na Wakamba walivyotegemeana kwa chakula muda mrefu kabla ya serikali ya kikoloni kufika.

Nyama, asali na njahi

Masimulizi ya Wameru yanasema kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, kisiwa kilichokuwa pwani, wakikimbia utumwa wa watu waliovaa nguo nyekundu. Vyovyote ilivyokuwa safari hiyo, chakula kilichowakimu katika milima hii nacho kilitoka pande nyingi. Uwele, mtama na kunde ni mazao ya Afrika. Ndizi, nduma na miwa asili yake ni Asia, na vilivuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya meli za Wazungu. Mgomba tunaouona leo kuwa alama ya boma la Kimeru ulikuwa mgeni siku moja.

Katika ulimwengu huo, uji, ndizi mbichi za kuchemsha na kunde havikumtoa mtu mate. Vilikuwa chakula cha kushinda nacho. Hamu ilikuwa ya nyama, mafuta na asali. Mbuzi alikuwa akiba, hakuwa kitoweo. Alichinjwa kwa tohara, kwa kiapo, kwa ndoa au kwa mgonjwa, na nyama yake ikagawanywa kwa rika na kwa jinsia, kila kundi na sehemu yake. Asali ilikuwa na heshima ya pekee. Katika mahari ya Kimeru chombo cha asali kilihesabiwa pamoja na ng'ombe na kondoo, na bila hicho mazungumzo hayakukamilika. Asali hiyohiyo ilitengenezwa pombe ya wazee, na kijana aliionja kwa ruhusa tu.

Kiazi kikuu nacho kilikuwa na cheo. Katika jamii za miteremko ya Mlima Kenya, wanawake walishughulikia nafaka na kunde, lakini kiazi kikuu kilipandwa na wanaume. Mmea wake uliachwa utambae juu ya mti, na kiazi kikakaa ardhini muda mrefu, kikachimbwa kwa uangalifu. Shamba lenye viazi vikuu lilionyesha kwamba mwenyewe ni mtu aliyetulia.

Kulikuwa pia na chakula cha kuliwaza kwa maana halisi ya neno hilo: kile alichopewa mama aliyejifungua. Huyu alipikiwa uji mzito, akachinjiwa mbuzi, na akaandaliwa njahi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe, zilizopondwa pamoja na ndizi ili maziwa yashuke. Mpaka leo, katika nyumba nyingi za Meru, Embu na Gikuyu, harufu ya njahi humkumbusha mtu nyumba yenye mtoto mchanga, na wapo wanaume wanaokiri kwamba walikuwa wakinyemelea sufuria ya mzazi.

Mgeni aliyepewa jembe

Mwishoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliua mifugo, mvua zikakosekana, na ndui ikafuata. Kenya ya kati iliingia katika njaa ambayo jamii zote za eneo hili huikumbuka kwa majina yake. Miteremko yenye mvua ilipata wakimbizi kutoka nyanda kavu, na wapo waliobadilisha hata watoto kwa chakula. Utawala wa Waingereza ulipofika Meru mwaka 1908, chini ya E. B. Horne, ulikuta watu waliokuwa wametoka tu katika majonzi hayo.

Mahindi yalikuwa yamekwisha kufika pwani kutoka Amerika tangu zama za Wareno, lakini hapa juu hayakuwa na nguvu. Yalipata nguvu kwa vita. Kati ya 1914 na 1918 maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, na posho yao ilikuwa unga wa mahindi. Wengi walikufa, hasa kwa magonjwa ya tumbo, na waliorudi walikuta nyumbani ukame wa 1918 pamoja na homa kali ya dunia nzima. Mbegu iliyokomaa haraka ilikuwa wokovu.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ndege. Uwele na mtama huhitaji mtu wa kuamia ndege shambani kutwa nzima, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Mahindi yamefunikwa na maganda, hayahitaji mlinzi wa namna hiyo. Misheni zilipofungua shule, kila mtoto aliyeingia darasani aliacha shamba la uwele bila mlinzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi yalipewa jembe, yakapewa na shamba zima.

Maharagwe, nayo kutoka Amerika, yalifuata njia hiyohiyo. Mwanahistoria Claire Robertson ameeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyoyapendelea maharagwe ya kuuzwa nje na kuzisukuma njahi pembeni, jambo lililogusa moja kwa moja mashamba ya wanawake. Mahindi na maharagwe yalipokutana katika chungu kimoja tukapata githeri tunayoijua. Viazi mviringo walivyovileta Wazungu vilipoongezwa, pamoja na majani ya maboga, na vyote vikapondwa pamoja na ndizi, tukapata mukimo wa leo. Ndani ya sahani hiyo mna Amerika, mna Asia, na mna mkono wa mwanamke wa Nyambene aliyeviunganisha. Tunaiita chakula cha mababu, na hatukosei, mradi tukumbuke kwamba baadhi ya mababu hao walizaliwa baada ya 1900.

Lakini githeri haikuwa tamu kwa kila mtu. Iliyopikwa Jumatatu ililiwa hata Jumatano, ikipashwa moto asubuhi na kufungwa ya kwenda nayo shuleni. Kitu kisichokosekana hakitamaniwi. Kizazi kilicholelewa na githeri kilianza kutazama kwingine.

Chapati za Krismasi

Kwingine kulikuwa dukani. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wafanyabiashara wa Kihindi walitangulia karibu kila barabara mpya, na pamoja nao wakaja sukari, majani ya chai na unga wa ngano. Kwa muda mrefu vitu hivi vilihitaji pesa, na pesa zilikuwa chache. Katika miaka ya 1930 Meru ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo serikali ilikuwa imewahifadhia walowezi. Pesa ya kahawa ilipoingia, sukari iliingia jikoni. Chai ya maziwa ikawa ukarimu wa chini kabisa ambao mgeni angeweza kutarajia, hata kabla ya wakulima wadogo wa Nyambene kuanza kuvuna majani yao wenyewe. Mpunga nao ulisogea karibu: skimu ya Mwea ilianzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na mchele wake wa pishori ukawa wali wa arusi.

Hapo ndipo ilipozaliwa hamu kubwa ya karne ya 20 katika vijiji hivi: chapati za Krismasi. Unga ulinunuliwa mara moja kwa mwaka, ukakandwa jioni, na majirani wakajua kwa harufu ya mafuta nani amejaliwa mwaka huo. Watoto walihesabiwa, na chapati zikahesabiwa. Aliyepata mbili na supu ya mbuzi hakuisahau siku hiyo. Watu wazima wa leo hula chapati wakati wowote, lakini wengi watakwambia kwamba hakuna inayofikia ile, na wanachokosa ni miezi kumi na miwili ya kuisubiri.

Serikali nayo imewahi kutengeneza hamu bila kukusudia. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha maziwa ya bure katika shule za msingi, maarufu kama maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulififia miaka ya 1990, na tangu hapo pakiti zile zenye pembe zimekuwa nembo ya utoto wa kizazi kizima. Kwa upande wa pili, ukame wa 1984 ulileta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Yaliokoa maisha, na bado hakuna anayeyatamani. Chakula kilichokuja na njaa hubeba uso wa njaa hiyo.

Baadaye, karne hii ilipoanza, shirika la Mikinduri Children of Hope, lililoanzishwa na watu wa kisiwa cha Prince Edward nchini Canada, liliendesha mpango wa chakula shuleni. Ladha ya uji na githeri ya shuleni imekuwa sehemu ya kumbukumbu za vijana wa hapa, wengine wakiikumbuka kwa shukrani na wengine kwa kicheko.

Jani linaloua njaa

Huwezi kuzungumzia hamu katika Nyambene ukaruka miraa. Ni ajabu kwamba mji unaokumbuka vyakula vyake kwa mapenzi namna hii umezungukwa na jani linalofukuza njaa. Miraa huchangamsha na kuzima hamu ya kula. Mtafunaji aliyeshika handasi, yaani msisimko wake, anaweza kupitisha usiku kwa soda, njugu na chingamu ya kupunguzia ukali. Desturi inayo nafasi yake pia: kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa heshima ndicho kinachofungua mazungumzo ya posa.

Miraa imeibadilisha sahani kwa njia ya shamba. Kiini chake hupungua nguvu haraka baada ya kuchumwa, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa kwa magari hadi Nairobi, kisha kwa ndege hadi Somalia, na zamani hadi Ulaya. Mkulima aliyepata pesa kila wiki hakuona haja ya kubakiza ardhi kwa uwele au viazi vikuu, alinunua unga. Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ikasimamisha ndege za miraa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, wengi waligundua kwamba shamba lisilo na chakula ni shamba linalolishwa na siasa za wengine. Embu na Mbeere nako muguka, aina ya miraa, imepita njia hiyohiyo, na mwaka 2024 kaunti za pwani zilipojaribu kuizuia, mkulima wa huko alipata onjo lilelile.

Kinachofuata kuadimika

Sasa gurudumu limezunguka. Tarehe 8 Agosti 2017, picha ya mpiga kura akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki huku akiwa foleni ilienea nchi nzima. Kabla ya mwezi huo kwisha mifuko yenyewe ilipigwa marufuku, na kabla ya mwaka kwisha mpiga kura huyo alikuwa amepewa nishani ya taifa. Chakula kilichokuwa cha kudharauliwa shuleni kikawa fahari. Hoteli za Nairobi huuza mukimo kwa bei ambayo nyanya zetu wangeiona kuwa mzaha, na mabasi ya kutoka Meru hushusha magunia ya ndizi na nduma kwa jamaa wa mjini.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri hamu ya mwaka 2060 asitazame matangazo ya vyakula vipya. Atazame mashamba aone nini kinang'olewa. Uwele umepungua kwa kukosa wa kuamia ndege, njahi ni ghali sokoni, na viazi vikuu vimebanwa na ardhi iliyogawanywa vipande vipande. Kuna tofauti moja kati ya hamu za zamani na zinazokuja. Aliyetamani chapati mwaka 1965 alihitaji pesa tu, kwa kuwa ngano ilikuwa dukani ikimngoja. Atakayetamani kiazi kikuu hatasaidiwa na pesa peke yake, kwa sababu mbegu yake ni kipande cha kiazi chenyewe, na hupita mkononi mwa mkulima hadi kwa jirani. Ikikatika mkononi, hakuna duka la kuirudisha. Hamu hiyo italishwa na mtu anayepanda mvua za Oktoba, si na mtu atakayeikumbuka baadaye.